Kikundi, WhatsApp, mwenzako mmoja au kikoba: wa kusema naye baada ya matibabu ya saratani ya matiti

Ijumaa niliyomaliza mionzi, muuguzi alinirudishia kadi yangu akasema, "Haya mama, tuonane baada ya miezi mitatu." Nikatoka, nikakaa kituoni kusubiri daladala, nikalia mpaka kondakta mmoja akashuka kuniuliza kama nimeibiwa. Miezi tisa nilikuwa nimeishi kwa tarehe: tarehe ya dripu, ya kupima damu, ya upasuaji, ya mionzi Jumatatu hadi Ijumaa. Kila tarehe ilikuwa na mtu wa kunisindikiza. Sasa nina tarehe moja tu kwenye kadi, na nyumbani wamepika pilau kwa sababu mama amepona.

Aliyepita hapo anaijua miezi inayofuata. Mkono wa upande uliokatwa unavuta. Vidole vina ganzi, unahangaika na vifungo vya shati la mtoto. Joto linakupanda usiku mpaka shuka linalowa. Ukipata kikohozi cha mafua unaamini ugonjwa umeingia mapafuni. Mume, dada na mama mzazi wanakupenda, lakini hawajui, na wewe umechoka kuwatia hofu. Unataka mtu aliyepita njia ile ile.

Akina dada wanaomaliza matibabu huniuliza wamtafute wapi mtu huyo. Njia ninazozijua ni nne, na zote nimezitumia kwa nyakati tofauti: kikundi cha kukutana ana kwa ana, kundi la WhatsApp, mwenzako mmoja, na jumuiya uliyokuwa nayo kabla hujaugua, yaani kikoba, kwaya au akina mama wa msikitini. Kila moja imenisaidia kwa kitu ambacho nyingine hazikuweza.

Kwanza, usitarajie kisichokuwepo

Mwaka 1989 daktari wa magonjwa ya akili David Spiegel wa Chuo Kikuu cha Stanford, pamoja na wenzake, walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya wanawake 86 waliokuwa na saratani ya matiti iliyosambaa. Waliokutana kila wiki kwenye kikundi waliishi kwa wastani karibu miezi 18 zaidi ya wenzao. Habari hiyo ilienea mno, na hadi leo utasikia mtu akisema kwamba kikundi kinarefusha maisha. Lakini mwaka 2001 watafiti wa Kanada walichapisha majibu ya wanawake 235, nao hawakuona tofauti ya muda wa kuishi. Spiegel mwenyewe alirudia utafiti wake, akachapisha mwaka 2007, na safari hii kwa jumla tofauti haikuonekana. Walichokiona Wakanada ni nafuu ya moyo na kupungua kwa maumivu, hasa kwa wanawake walioanza wakiwa na dhiki kubwa.

Nalisema hili mapema kwa sababu nimekutana na wanawake wanaojilazimisha kwenda kikundini kama wanaokwenda kuchomwa sindano, wakiogopa kwamba wasipokwenda watakufa mapema. Hapana. Nenda kama kunakupunguzia uzito. Kama kunakuongezea, una ruhusa ya kutafuta njia nyingine.

Vigezo vya kupimia

Mimi napima kwa mambo matano. La kwanza ni usiri: nani atajua, na habari zako zinaweza kufika wapi. La pili ni taarifa: mtu akisema uongo wa tiba, yupo wa kumsahihisha? La tatu ni gharama, na hapo hesabu nauli, bando na nguvu za mwili. La nne ni saa ya shida: hofu ikikushika usiku, kuna mtu?

La tano ndilo watu wanalolisahau, nalo ni kufanana. Saratani ya matiti si ugonjwa mmoja. Uvimbe wenye vipokezi vya homoni hutibiwa pia kwa vidonge kama tamoksifeni kwa miaka 5, wakati mwingine hadi 10. Ule unaoitwa hasi tatu, yaani usio na vipokezi hivyo wala wingi wa protini iitwayo HER2, unaoonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika, hausikii vidonge hivyo. Wenye HER2 nyingi wana dawa zao. Nilimjua dada mmoja aliyeamini amenyimwa tamoksifeni kwa sababu hana bima, maana wenzake wote kikundini walikuwa wakimeza. Miezi miwili alilala na kinyongo. Majibu yake ya patholojia yalikuwa hasi tatu, na kidonge kile kisingemsaidia chochote. Kwa hiyo kabla hujaingia popote, muombe daktari akuandikie aina ya uvimbe wako kwenye karatasi, uwe unajua ni nani unayefanana naye na ni nani usiyefanana naye.

Kikundi cha kukutana ana kwa ana

Wanawake kumi au ishirini, viti vya plastiki, mara moja kwa mwezi, hospitalini au kwenye ukumbi wa karibu. Nairobi kuna Faraja Cancer Support Trust, inayotoa ushauri nasaha na vikundi bila malipo. Kampala kuna UWOCASO, jumuiya ya kusaidia wanawake wenye saratani, iliyoanzishwa na wanawake waliopitia saratani ya matiti wenyewe. Kwa Tanzania, pa kuanzia kuuliza ni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali uliyotibiwa, iwe Ocean Road, Bugando au KCMC. Waulize ni kikundi gani bado kinakutana, maana vipo vilivyobaki jina.

Nguvu ya njia hii ni kwamba mwili unaonekana. Baada ya upasuaji nilipewa karatasi ya mazoezi ya mkono yenye michoro, nikaiweka kabatini wiki sita. Siku ya kwanza kikundini, mama mmoja mtu mzima aliniona ninavyoubana mkono ubavuni. Hakunihubiria. Alisimama akaukabili ukuta, akaweka vidole viwili, vikapanda polepole kama buibui mpaka juu ya kichwa chake, na pale vilipoishia akapiga mstari kwa chaki. "Kesho uupite huu kidogo tu mwanangu," akasema, kisha akanipa chaki. Mistari ile bado ipo kwenye ukuta wa chumba changu. Wapaka rangi walipokuja niliwaomba waiache.

Taarifa huwa salama kama yupo muuguzi au mshauri nasaha kwenye kikao, kwa sababu kosa linasahihishwa hapo hapo. Kikao kisicho na mtaalamu hutegemea busara ya mwenyekiti. Kwenye usiri, unaonana na watu uso kwa uso, na yule jirani uliyemficha habari zako anaweza kuwa kiti cha tatu. Ila hakuna kinachobaki kimeandikwa. Gharama ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kutoka Chanika hadi katikati ya jiji ni nauli ya kwenda na kurudi, kubanana na kusimama muda mrefu, na kwa mtu aliyetoka kwenye mionzi uchovu ule ndio gharama yenyewe. Aliye Namtumbo au Kibondo njia hii hana kabisa. Na saa ya shida, kikundi hakipo: hofu haisubiri Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Kuna jambo la misiba. Kikundi chochote cha wagonjwa wa saratani kitapoteza watu. Sisi tulipompoteza mwenzetu wa kwanza, wawili waliacha kuja, na siwalaumu. Tuliobaki tulivaa kanga za sare, tukaenda kuzika, tukakaa na mama yake siku nzima. Sijui ningeibeba vipi habari ile peke yangu.

Njia hii inamfaa anayeishi karibu, anayependa kukaa na watu, ambaye shida yake kubwa iko mwilini: mkono, kovu, sidiria, nywele. Haimfai sana ambaye bado hajawaambia watu wake.

Kundi la WhatsApp

Mwaka wa kwanza wa tamoksifeni niliamka saa tisa usiku karibu kila siku. Mume wangu alishazoea kusikia dirisha likifunguliwa. Usiku mmoja niliandika kundini neno moja tu, "Joto." Ndani ya dakika mbili dada wa Kizanzibari aliyeolewa Maskati akajibu kwa sauti, taratibu asiamshe watoto: na yeye amekaa sakafuni kwenye vigae, mgongo ukutani, ndio dawa yake. Nikashuka kitandani nikakaa sakafuni. Tukaongea hivyo, sauti kwa sauti, mpaka adhana. Kwa saa ya shida, sijaona kinachoishinda WhatsApp. Gharama yake ni bando, na kwa aliye mkoani au ughaibuni mara nyingi ndiyo njia pekee ya kumpata anayesema Kiswahili na anayefanana naye. Kundi lenye watu mia mbili halikosi mwenye uvimbe kama wako, wa umri wako, mwenye watoto wadogo kama wako.

Ila hapa nataka niseme kwa uzito wote. Magrupu haya ndiyo yanakozunguka majani ya mstafeli, unga wa mizizi, maji ya moto na limau, na yule mtu wa mkoa fulani "anayetibu kabisa". Hakuna jaribio la wagonjwa lililoonyesha kwamba mstafeli unatibu saratani ya matiti. Tamoksifeni ina ushahidi: kwa wenye vipokezi vya homoni, kuimeza miaka 5 hupunguza vifo vya saratani hiyo kwa takriban theluthi moja katika miaka 15 ya mwanzo. Kundini kwetu dada mmoja aliacha vidonge akanywa majani, na aliyemshawishi alikuwa mwenzetu, mtu mwema kabisa aliyesema kwa mapenzi. Ndiyo hatari yenyewe. Uongo wa adui ungemstua. Wa mwenzake aliumeza.

Kwa hiyo kabla hujajiunga, muulize admini swali moja: mtu akileta dawa isiyotoka hospitali, mnafanyaje? Akijibu kwamba wanaifuta na kumwelekeza mtu kwa daktari, ingia. Akikuambia kila mtu yuko huru, fikiri mara mbili.

Usiri ni dhaifu. Namba yako inaonekana na wote, maandishi yanaweza kupigwa picha na kutumwa kwingine. Usitume picha ya kovu lako, hata ukiombwa kwa nia njema, na hasa kama simu yako inachezewa na watoto. Na ujue kwamba taarifa za vifo zitakufikia ovyo. Mimi moja ilinikuta nimesimama ndani ya daladala, mkono mmoja kwenye bomba, sina hata pa kuinamia. Tangu siku hiyo nimelizima kundi lisilie, nalifungua nikiwa nyumbani nimekaa.

Linamfaa aliye mbali, asiyelala, aliye kazini siku nzima, na ambaye ana daktari wa kumuuliza kila analolisoma humo. Halimfai anayeogopa kila habari mbaya, angalau si kwa miezi ya mwanzo.

Mwenzako mmoja

Njia hii ni ya zamani na imeenea duniani. Mwaka 1952 huko New York, Terese Lasser aliondolewa titi, akashangaa kwamba hakuna aliyemwambia ataishi vipi baada ya hapo. Akaanza kuwatembelea wanawake wengine wodini, akiwaonyesha mazoezi ya mkono na kuwapelekea titi la bandia la kuanzia. Baadhi ya madaktari hawakupenda. Kazi yake ikawa Reach to Recovery, na mwaka 1969 Chama cha Saratani cha Marekani kikaichukua. Msingi wake ulikuwa huu: aliyekwisha kupona anamtembelea aliyetoka kupasuliwa, na anamwachia daktari mambo ya tiba.

Kwetu wengi tunampata mtu huyo bila mpango wowote, kwenye benchi la kusubiri mionzi. Swali la benchi ni moja: "Umebakiza ngapi?" Wangu alikuwa amebakiza nne, mimi ishirini na moja. Mwezi mmoja baadaye alikuja kwangu na mfuko wa kitambaa, akaniuliza kwa nini sidiria yangu inapanda upande mmoja. Nilikuwa nimejaza pamba. Akaifumua, akashona upya kitambaa laini cha pamba, akaweka pamba pembeni na katikati kifuko cha mchele, akikipima kwenye kiganja huku kiganja cha pili kimebeba titi langu lililobaki. Akaongeza mchele kijiko kimoja. Akapima tena. "Uzito ndio unaoishikilia," akasema. Akanionyesha pa kufunga kwa ndani ili isihame ninapoinama. Hakuna kikao ambacho ningeweza kufanyiwa hivyo.

Usiri ni mkubwa kuliko njia zote, mradi umechagua mtu mwenye kifua. Gharama ni ndogo. Saa ya shida anapatikana, lakini na yeye ana maisha yake, msikilize akichoka. Taarifa zake ni za mtu mmoja: aliyomjia yeye si lazima yakujie wewe, na dozi yake si dozi yako. Udhaifu mkubwa uko hapa: unaanza kuusoma mwili wake kama utabiri wako. Akipata majibu mazuri unafurahi, ugonjwa ukimrudia unaanguka naye. Kwa hiyo ingawa njia hii ni ya mwenzako mmoja, jitahidi uwe nao wawili.

Anamfaa mwenye aibu, asiyependa vikao, na mwenye maswali asiyoweza kuyauliza mbele ya watu: tendo la ndoa, ukavu, mume aliyehamia kitanda cha watoto, kuzaa tena. Kama benchini hukumpata, muuguzi wa kliniki anaweza kukuunganisha na mtu, wote wawili mkikubali.

Kikoba, kwaya, akina mama wa msikitini

Wapo watakaosema hawa si wenzako kwa maana ya ugonjwa. Ni kweli. Lakini usiwadharau. Vikoba vingi vina mfuko wa jamii, na ni fedha hizo zilizonilipia nauli za mionzi wiki mbili. Ni wao waliokuja na ndoo za maji wakati sikuruhusiwa kubeba, na baadaye ni wao pekee walionigombeza kwa kuchelewesha rejesho, nami nikajisikia mtu tena.

Taarifa za tiba usizitegemee kwao. Utasikia umelogwa, utaambiwa umekonda, utaambiwa umeshapona basi usilalamike. Usiri hakuna, aliyeambiwa ni mtaa mzima. Saa ya shida, wapo kwa mikono, kwa maneno sana hawana. Niliyojifunza ni kuwaomba kitu mahususi: "Nisindikizeni kliniki Jumanne," badala ya "niombeeni tu."

Hii inamfaa ambaye ana jamii imara na shida yake ni ya mikono na mfuko, na inamfaa aliyechoka kuongelea saratani.

Kulingana na hali yako

Kama umetoka kwenye upasuaji wiki chache zilizopita na mkono hauinuki, anza na kikundi au mwenzako mmoja, mtu wa kukuonyesha kwa mwili wake. Usianze na WhatsApp.

Kama uko mkoani au nje ya nchi, kundi la WhatsApp lenye admini makini ndilo lililo karibu, na ndani yake tafuta wawili wanaofanana nawe muongee pembeni.

Kama hujamwambia mtu, hata nyumbani, nenda kwa mmoja tu.

Kama wewe ni binti wa miaka ishirini na kitu, kikundi cha akina mama wa umri wa bibi yako kitakupenda lakini hakitajibu maswali yako. Umri uwe kigezo chako cha kwanza.

Kama wewe ni mwanaume, na takriban mmoja kati ya wagonjwa mia wa saratani ya matiti ni mwanaume, vikundi vingi vitakufanya ujione umekosea mlango. Muombe daktari akuunganishe na mwanaume mwingine, hata wa saratani nyingine, na usiache kliniki kwa aibu.

Kama ugonjwa wako umesambaa, mazungumzo ya "tumepona" yatakuumiza. Tafuta walio kwenye hali kama yako, hata wakiwa watatu, na uwe huru kuacha kikao cha kusherehekea.

Kama wiki mbili zimepita huli, hulali, unawaza kwamba afadhali usiwepo, hilo si la kikundi wala la WhatsApp. Mwambie mtu leo, nenda hospitali, sema hivyo hivyo kwa maneno yako. Vivyo hivyo ukiona uvimbe mpya, mkono unaojaa ghafla, maumivu ya mfupa yasiyoisha au pumzi inayokata: rudi kliniki bila kusubiri tarehe ya kwenye kadi, na kundini utawaambia ukisharudi.

Na kama umemaliza juzi na huna nguvu ya kuchagua lolote, usichague bado. Siku ya kliniki wahi, kaa kwenye benchi, umuulize aliye kando yako amebakiza ngapi.